Dereva Aliyekataza Maziwa Kwenye Magurudumu

Jumanne, tarehe 30 Aprili 2024, Bwana Yadamsuren, dereva wa gari la wagonjwa la hospitali yetu ya wilaya ya Tsagaan Khad, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitano. Amefanya kazi chini ya wakurugenzi tisa. Gari alilokabidhiwa mwaka 1989, lile la Kirusi la kijivu lenye pua fupi, ndilo analolikabidhi siku hiyo. Wakurugenzi wanane wamekwisha kuondoka, gari bado lipo.

Mimi Tsevelmaa, mkunga, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa nyuma ya gari hilo miaka ishirini na sita, na hakuna aliyegonga kichwa kwenye paa lake mara nyingi kama mimi. Sitamsifu kupita kiasi. Atakuwa amekaa mstari wa mbele, na nikikosea jina la spana atanisahihisha mbele za watu.

Udereva alijifunza jeshini, ufundi akajifunza mwenyewe kwa kulala chini ya gari. Kila masika na kila vuli alibadilisha oili sili za habu zote nne, zile pete za mpira zinazozuia oili kutoka kwenye vitovu vya magurudumu, zivuje zisivuje. Alichomoa ekseli, akafungua nati mbili zinazoishika habu, akavuta habu, akang'oa sili iliyochoka na kuipachika mpya, mdomo wake ukitazama ndani, akiigongagonga kwa kipande cha mti pole pole kuizunguka yote ili isikae upande. Nati aliikaza mpaka gurudumu liwe zito, kisha akailegeza kidogo. Mwishoni alilisukuma gurudumu kwa kidole kimoja huku akinywa chai. Likisimama kabla kikombe hakijaisha, alianza upya.

Safarini, kila tuliposimama, alizunguka gari akigusa kila habu kwa mgongo wa kiganja, kama tunavyopima homa ya mtoto. Mkurugenzi wa nne alimuuliza kama naye anatibu. Akajibu kwamba wagonjwa wake angalau hawadanganyi walichokula.

Lakini nisipoeleza habari ya Oktoba 2003 nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine. Asubuhi ile tuliitwa kwa Sarangua, mke wa mfugaji wa bonde la juu, ambaye mtoto wake alikuwa amelala upande tumboni na chupa imekwisha kupasuka. Alihitaji upasuaji, na upasuaji ulikuwa mkoani, ng'ambo ya kilele cha Khoit. Tulipotoka hospitalini, Dulamsuren, mke wa Bwana Yadamsuren, alitunyunyizia maziwa ya safari, baraka ya kwetu kwa anayeondoka. Tulipotoka kwa Sarangua, mama mkwe wake naye alinyunyiza, akayamwagia magurudumu bila uchoyo.

Kileleni, kwenye rundo la mawe, dereva alishuka kugusa habu zake. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa na michirizi. Nilimwambia ni maziwa ya yule mama mkwe, twende. Yeye akainama, akapangusa kwa kidole, akanusa.

"Maziwa hayanuki hivi," akasema.

Ilikuwa oili ya difu, ile inayolainisha ekseli ya nyuma. Sili ilikuwa imekufa na oili imelowesha viatu vya breki, na mbele yetu palikuwa na mteremko wa kilomita kumi na moja, kona juu ya kona. Nilimwambia kila dakika ni ya Sarangua, si yake. Nilimwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi yenye muhuri wa mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akatoa jeki.

"Dada Tsevel, wewe mwangalie huko nyuma, mimi niangalie huku. Tukishuka na breki hizi tutafika chini haraka kuliko unavyotaka."

Sili mpya hakuwa nayo. Alikuwa na ile aliyoing'oa masika, maana alikuwa na tabia ya kutotupa kitu, tabia tuliyokuwa tukiicheka. Mdomo wake ulikuwa umelika. Akatoa ule waya mwembamba wa springi unaouzunguka, akaukata kipande, akaunganisha ncha, na mdomo ukabana tena. Viatu vya breki akaviosha kwa petroli na kuvipiga msasa. Sarangua aliuliza kutoka ndani kama kaka amekaribia kumaliza.

"Zimebaki nati mbili," akamjibu. "Na wewe usianze bila mimi."

Sarangua alicheka, na uchungu ukamkatisha kicheko. Dakika hamsini zilipita, nazijua kwa sababu nilikuwa nahesabu uchungu. Kisha tukashuka, na breki zikashika kila kona. Mtoto alitolewa mkoani salama, msichana wa kilo tatu na nusu, na mama yake mpaka leo humletea Bwana Yadamsuren jibini kavu kila vuli.

Njiani tukirudi aliniambia neno moja tu. "Ile michirizi niliiona asubuhi hospitalini. Nikadhani ni maziwa ya mke wangu." Alilirudia kwenye kikao cha wafanyakazi, bila kuulizwa na bila kujitetea. Wiki hiyo hiyo akabandika tangazo getini kwamba maziwa ya safari yamwagwe ardhini, nyuma ya gari, si kwenye magurudumu. Wazee wa kike walinuna. Mmoja alimwambia anaendesha bila baraka. Akasema baraka anaitaka sana, ila isiwekwe mahali anapopatazama. Kwa zaidi ya miaka ishirini magurudumu yetu yamekuwa makavu, na hakuna mgonjwa aliyeachwa njiani.

Sasa gari ni la Delgermaa, dereva wetu mpya. Wiki iliyopita alibadilisha sili zote nne peke yake, na Bwana Yadamsuren aliwekwa kwenye kigoda ashike chupa ya chai. Aliishika kwa mikono miwili. Aliinuka mara moja tu, Delgermaa akamwambia, "Kaka Yadam, kaa," naye akakaa. Mwishoni Delgermaa alimwita aje akague. Bwana Yadamsuren akalisukuma gurudumu kwa kidole, akanywa chai yake yote, na gurudumu lilikuwa bado linazunguka.

"Sasa naweza kwenda," akasema. Mimi nikaenda stoo kutafuta bandeji ambayo sikuihitaji, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Jumanne, baada ya sherehe, Delgermaa atamrudisha nyumbani kwa gari lile lile. Tangazo la getini tumelibandua. Dulamsuren atatangulia na bakuli lake, nasi sote nyuma yake, na tutayamwagia maziwa magurudumu yote manne mpaka habu zichuruzike maziwa.

Asante, Kaka Yadam. Uwe na afya, mifugo yako inenepe, na chai yako isikatizwe na mtu. Kaa kiti cha abiria, na usishuke kunusa. Safari hii ni maziwa.