Aliyetuambia Mwisho Ni Kesho

Mwone kwanza anavyoingia. Mlango wa darasa anausukuma kwa kiwiko, maana mikono yote miwili imejaa vitabu. Miwani imempanda kichwani, naye anaitafuta. "Nani kaniona na miwani?" Darasa zima linamwonyesha kichwa chake. Anacheka kabla yao, anakaa juu ya meza, kiti anakiacha, kisha anasema, "Haya, sogeeni. Leo tunakwenda mbali."

Huyo ndiye tuliyemsindikiza hapa. Kazini aliitwa Mwalimu. Nyumbani alikuwa Dada, halafu Mama, halafu Bibi. Wanafunzi, wakidhani hasikii, walimwita Mwisho Kesho. Alikuwa anasikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa baba mshona viatu na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mvua ikinyesha, povu lilipita mferejini mbele ya mlango wetu. Mama aliitwa kuzalisha wakati wowote, hivyo kutubembeleza sisi wadogo ikawa kazi ya Dada. Alitusimulia hadithi, na ikifika pale panapochoma, kimya.

"Halafu?"

"Halafu kesho. Laleni."

Mama alirudi akatukuta macho kodo, tunagombana nani atakufa kwenye hadithi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978. Alifaulu vizuri, lakini Baba alikuwa ameanza kuugua kifua na nyumba ilihitaji mkono wa pili. Akajifunza kupiga chapa. Januari 1980 aliajiriwa chuoni, katika chumba kimoja chenye mashine tatu na dirisha lisilofunga, akawa anachapa mitihani ya idara ya Kiingereza. Yaani alichapa maswali ya vitabu ambavyo hakuwahi kuvishika. "Ni kama kukaa karibu na jiko la jirani," alisema. "Harufu unaipata, tonge hulipati." Mwaka 1983 aliomba kusoma kozi ya jioni ya idara hiyohiyo, akakubaliwa.

Kozi yenyewe ilikuwa pana kuliko jina lake. Kiingereza kilikuwa mlango tu. Ndani mlijaa watu wa kila pembe ya dunia. Juma hili tenzi za vita za watu wa nchi za theluji, juma lijalo masimulizi ya waliotoroka utumwani, kisha barua za wanawake waliofungiwa ndani, mashairi mafupi ya wachungaji wa milimani, hadithi za upelelezi zenye maiti sebuleni. Kila utanzu ulikuwa na adabu zake, kama nyumba za watu: kuna unapovua viatu, kuna unapopiga hodi mara moja tu. Dada alijifunza adabu hizo moja moja, na mara nyingine alikosea.

Siku walipokuwa wanasoma tamthilia kwa sauti, mfalme alifika mahali pa kulifungua lango la mji kwa mtu aliyejifanya ndugu yake. Dada akaruka kutoka nyuma ya darasa: "Usifungue! Huyo si ndugu yako!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Mhadhiri akamwambia, "Dada, hii ni tanzia. Lazima afungue."

"Najua, Mwalimu. Lakini ninayeona nikanyamaza, nimetazama mchezo au nimesaidia kuua?"

Mhadhiri aliacha kucheka. Swali lile likawa zoezi la juma lililofuata, na Dada mwenyewe, kama alivyopenda kutukumbusha, alipata alama ya wastani.

Alihitimu mwaka 1989, akaanza kufundisha kozi ileile Septemba 1992, hadi alipostaafu mwaka 2021. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi walete programu za mazishi kutoka nyumbani, wazisome kando ya tenzi za mashujaa. Alisema wasifu wa marehemu nao ni utanzu, tena mgumu, ila una kasoro moja: humo hakuna aliyewahi kumuudhi mtu. "Kwenye wangu msinisingizie," alituonya. "Andikeni walau kero moja." Tumetii, Dada. Kero yako ni kwamba hukumwambia mtu mwisho wa kitabu. Si mwanafunzi, si mtoto, si mgonjwa. Ulituacha njiani, tukautafute wenyewe.

Kwa kero hiyohiyo alipata mume. Mwaka 1986 bomba la chumba cha wachapaji lilipasuka, akaja fundi kulitengeneza. Alipokuwa chini ya sinki, alimsikia mchapaji akicheka peke yake juu ya kitabu. Akauliza kuna nini. Dada akamsimulia kwa Kiswahili, fundi spana mkononi, mpaka mwizi akakwama dirishani na mwenye nyumba akageuza ufunguo mlangoni.

"Ikawaje?"

"Mwisho kesho."

Kesho yake fundi alirudi na mfuko wa vifaa. Mlinzi akamuuliza, "Bomba si limepona?" Akajibu, "Bomba limepona. Mgonjwa ni mimi." Walifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1987, na miaka yote alihadithiwa vitabu mbele ya jiko huku akimenya viazi.

Mwaka jana mwezi wa Mei, herufi zilianza kumtoroka Dada. Madaktari walikuta uvimbe nyuma ya macho. Alifanyiwa upasuaji Agosti, lakini kufikia Desemba alikuwa haoni tena. Hapo shemeji yetu, ambaye Kiingereza chake ni cha maboksi ya vipuri, akashika kitabu. Dada alichagua riwaya ambayo hata yeye hakuwahi kuisoma. Fundi alisoma neno kwa neno, kama mtu anayepita juu ya mawe mtoni. Dada alimtafsiria pale alipokwama. Walicheka sana chumbani mle.

Jumapili jioni, tarehe 15 Februari, walifika kwenye sura ya mwisho. Dada alimshika mkono. "Endelea."

Shemeji akaweka utepe ndani ya kitabu, akakifunga. "Mwisho kesho," akamwambia.

Dada alicheka hadi akakohoa. "Umenipata, Fundi. Umenipata kweli."

Alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 16, kabla chai haijapoa.

Ameacha mume, binti muuguzi na mwana fundi umeme, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, na wanafunzi wanaosubiri miisho hadi leo. Ardhi impokee taratibu, na usingizi wake uwe wa amani.

Fundi amekaa safu ya mbele, kitabu kiko magotini, utepe ungali palepale. Tangu Jumatatu hajala vizuri. Anasema alimtania mkewe, akamnyima kitu cha mwisho alichokiomba. Binti anataka sura ile isomwe hapa, kabla ya udongo. Mwana anasema kitabu kilale na mama kikiwa kimefungwa. Fundi mwenyewe ametuuliza sote, mmoja mmoja, na bado anauliza. Akikugeukia wewe uliyeshika programu hii, utamwambia afungue, au utamwambia kesho?