Idwal Prytherch, Mwita Majina wa Rejimenti ya Arwel

Marehemu Idwal Prytherch alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika shamba la Tyddyn Gwyn, juu ya mji wa Llanarwel, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Hywel Prytherch, mchimba mawe ya kuezekea, na Bi Blodwen. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito hata mkunga akaupita mlango na kuishia zizini kwa kondoo. Alipoipata nyumba alimkuta Idwal amekwisha kufika duniani, akipiga kelele. Mamaye alizoea kusema, “Huyu aliita watu kabla hajajua jina la mtu yeyote.”

Alisoma shule ya msingi ya Llanarwel, kisha sekondari ya wilaya, akaiacha mwaka 1957 bila kujutia. Hesabu zilimshinda. Kuimba hakukumshinda, na sauti yake nzito ilijulikana kanisani tangu akiwa na miaka kumi na minne.

Tarehe 12 Januari 1959 alijiunga na Rejimenti ya Arwel, akatumikia Aden na Ujerumani, akastaafu mwaka 1974 akiwa sajini. Rejimenti ile ilijaa akina Hughes, Jones na Roberts, kwa hiyo kila askari aliitwa kwa tarakimu mbili za mwisho za nambari yake ya jeshi. Majina ya kwanza yalisahaulika kabisa. Prytherch alikuwa mmoja tu, hakuhitaji tarakimu, na jambo hilo lilimuumiza. Alimwendea mkubwa wake kuomba apewe za kwake. “Wewe Prytherch,” akajibiwa, “ukipotea tutakujua. Shukuru.”

Tarehe 6 Juni 1970 alimwoa Nesta Ellis, mwalimu wa watoto wadogo. Walijaliwa watoto wawili, Mair na Gwilym. Baada ya jeshi aliendesha lori la maziwa, na tangu mwaka 1983 alikuwa katibu wa chama cha wastaafu wa rejimenti. Mkutano wa mwaka na karamu yake ni sehemu ndogo ya kazi ya chama hicho. Chama ndicho kinachompelekea mjane makaa ya mawe, kumjazia mzee fomu za pensheni, kulinda ngoma na bendera za rejimenti zisichezewe na nondo, na kugonga mlango wa askari ambaye hana mwingine wa kumgongea.

Idwal ndiye pia aliyeita majina. Kila Novemba, mbele ya mnara wa mashujaa, huitwa askari waliozikwa bila ndugu. Kila jina hufuatwa na kimya, na kimya hicho ndicho jibu. Kisha ngoma hupigwa mara moja. Wote husimama wakiutazama mnara, na ni mwiko kugeuza kichwa hadi ngoma ya mwisho.

Februari 2003 hospitali moja ya mbali ilitoa taarifa kwamba askari wa zamani wa Arwel, Thomas Hughes, amefariki bila jamaa. Chama kilimleta nyumbani kwa heshima zote. Lakini Thomas alikuwa nani? Hakuna aliyewahi kumwita Hughes yeyote Thomas. Wazee waliulizana, wakakubaliana kwamba ni Hughes wa Tisa-Nne, kwa kuwa hakuonekana karamuni miaka miwili. Hakuna aliyefunua jeneza. Walimzika, wakamwekea jiwe la Tisa-Nne, na jina lake likafutwa katika orodha ya wazee wa kutembelewa.

Novemba ile Idwal aliita, “Hughes, Tisa-Nne!” Nyuma ya watu, kwenye mvua, sauti ikajibu, “Nipo, Sajini!”

Hakuna aliyegeuka. Mpiga ngoma alishindwa kuinua mkono. Walipoachiliwa kutazama, palikuwa na nyasi zilizokanyagwa na lango linaloyumba.

Mwaka uliofuata mwenyekiti wa chama, Mzee Emrys Parry, alimvuta Idwal kando. “Liruke jina hilo, bwana. Wake zetu wanaogopa.”

“Nikiliruka, nani atamkumbuka?”

“Huyo anajikumbuka mwenyewe!”

Idwal aliliita. Sauti ikajibu tena, safari hii dhaifu, na Emrys akaamuru ngoma ipigwe kuifunika.

Novemba 2005 aliita, na hakuna aliyejibu. Kimya kilikuwa kama inavyotakiwa, nacho kilimtisha kuliko ile sauti. Ndipo Idwal Prytherch, mbele ya mji mzima, alipogeuza kichwa. Aliondoka kabla ya ngoma, akapanda hadi Blaen Nant, kwa Tisa-Nne, shamba la mwisho kabla ya mawe matupu.

Alimkuta Hughes wa Tisa-Nne amekaa mbele ya jiko lililopoa, amevaa koti la chama na nishani zake zote, mikono juu ya magoti, viatu vimeng'arishwa.

“Tisa-Nne! Si tulikuzika wewe?”

“Nami nilisikia hivyo, Sajini. Mlilia walau?”

“Emrys alilia.”

“Muongo mkubwa! Emrys hulia akikata vitunguu tu.”

Idwal alicheka, kisha akaona pumzi ya mwenzake haitoi mvuke katika baridi ile, na kicheko kikamkauka. Alimshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini mshipa ulikuwa ukipiga, polepole sana.

“Mbona hukuwasha moto, ndugu yangu?”

“Niliitika mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti ya paredi. Hamkugeuka. Mara ya pili mkanipigia ngoma. Nikarudi hapa nikajiuliza, nani anajua zaidi, mimi au rejimenti? Maiti hawashi moto, Sajini.”

Idwal aliuwasha mwenyewe. Jina la kwanza la Tisa-Nne lilikuwa Gwyndaf, naye aliishi hadi mwaka 2012, akila mkate wa zabibu wa Bi Nesta kila wiki na kulalamika kwamba zabibu ni chache. Aliyekuwa kaburini alikuwa Hughes wa Sita-Sita, na jiwe likasahihishwa. Tangu hapo Idwal alijifunza jina la kwanza la kila askari, na alikuwa na sheria moja: mtu asihesabiwe hai wala maiti mpaka aonwe kwa macho.

Oktoba 2023 alipatwa na kiharusi. Alipokuwa amelazwa, Mzee Emrys alimletea habari kwamba kamati inataka kusitisha ziara, wazee wawe wanapigiwa simu tu.

“Siku hizi kila mtu ana simu, Idwal.”

“Tisa-Nne naye alikuwa nayo,” alijibu kwa ulimi mzito. “Mlimpigia?”

Tunasema haya bila kumung'unya maneno: kamati hiyo haijapiga kura bado, na wajumbe wake wote wako hapa mazikoni leo.

Siku zake za mwisho, nyumbani, aliita majina ya walio hai, mmoja mmoja. Baada ya kila jina alitega sikio, kisha akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa. Bi Nesta, aliyekaa naye, anasema chumba kilikuwa kimya, lakini aliona haya kuingilia mazungumzo. Kwa Roberts wa Sifuri-Nane hakuitikia kwa kichwa. Aliita tena. Alikuwa bado ametega sikio alipofariki asubuhi ya tarehe 9 Januari 2024.

Ameacha mjane, Bi Nesta, watoto, Mair na Gwilym, dada, Olwen, na wajukuu watano. Ameacha pia askari wastaafu kumi wa milima hii, ambao hakuna aliyewagongea mlango tangu Oktoba. Wa kumi na moja ni Roberts wa Sifuri-Nane, jina lake Ifan, wa shamba la Hafod Uchaf. Jana, wasifu huu ulipokuwa ukiandikwa, simu yake iliita bila kupokelewa, na barabara ya huko ilikuwa imefungwa na theluji. Familia haikujua imtaje miongoni mwa walioachwa au la.

Barabara imefunguliwa leo asubuhi. Gari la Gwilym litapanda Hafod Uchaf mara tu kaburi litakapofunikwa, kabla ya chai, na lina nafasi nne. Mzee Emrys, ya mbele ni yako.

Idwal Prytherch alale kwa amani. Sisi tusikae kwanza.