Ami wa Biharusi

Sogeeni wanangu, Hafidh na Maisa, na wewe Ashraf usikae mlangoni, njoo hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na nitakayoyasema ni maneno ya mama mwenye haya.

Mnajua tulivyomsomesha mdogo wenu huyu Ashraf kwa karafuu, akenda Dar es Salaam kusomesha watoto Kurani. Na mtaani kwake vijana wakavamia kituo cha polisi, wakamuua askari, naye ana mama kama mie. Sisemi serikali isijilinde. Lakini sheria ile ya ugaidi ikazoa mbichi na kavu, Ashraf akachukuliwa kwa kuwa wawili kati yao walisali nyuma yake, akawekwa rumande bila dhamana, kila akipandishwa mahakamani huambiwa upelelezi haujakamilika, miaka ikapita, mpaka siku moja akaambiwa kesi imefutwa, nenda kwenu. Hakuna aliyempa pole.

Pole hiyo nilidhani ataipata hapa kwetu Tibirinzi. Serikali ilimshuku kwa kuwa haimjui. Nyie mnamjua tangu anatambaa. Wewe Hafidh, ulipomwoza binti yako Ruweida, ulisema wageni wako wa ofisini wataogopa, samaki mmoja akioza ni mtungo pia, ukamweka ami wa biharusi jikoni mpaka watu waondoke. Maisa, wewe ndiye uliyefunga mlango. Mie nimekaa ukumbini na wanawake, nimefukizwa udi, nikamsikia akikohoa kile kikohozi alichotoka nacho gerezani, anajiziba mdomo asiwaaibishe. Niliinuka mbele za watu, nikenda kula naye sakafuni. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe kwa ndugu nilokuzalia." Akanijibu, "Mama, hawa wamenificha kwa saa chache tu. Kula, biriani inapoa." Tangu siku ile uso wangu sijui pa kuuweka.

Mali sigawi mie, Mungu keshagawa. Mikarafuu na nyumba hii mwiteni kadhi, kila mtu apewe fungu lake. Nimesikia, Hafidh, wataka fungu la Ashraf liandikwe jina lako, eti serikali isije ikalishika. Kesi haipo. Mwache na jina lake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hao wa ofisini hawatakubeba.

Ngojeni... nipumue.

Nikifa, Maisa anioshe, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Kaburini ashuke Ashraf anipokee, na wewe Hafidh ushuke naye, bega kwa bega, watu wa Madungu na Gombani wakiona. Wakiuliza ni nani huyo, jibu kwa sauti.

Mola awape nyoyo laini... awasitiri nyie na vizazi vyenu. Ashraf, nipe mkono. Hafidh... wako u wapi? Ulete. Uweke juu ya wake... usiuondoe. Radhi zangu... ziko hapo.