Redio ya Baharia Kenga

"Mama, chukua redio hii. Sitaki hata senti," kijana alimwambia Bi Shukri kwenye feri ya Likoni. Mutanu, karani wa bandarini aliyeketi nao benchi moja, akafungua gazeti ili asikie vizuri.

Bi Shukri wa mtaa wa Kuze si mtu wa kupewa kitu akanyamaza. "Umeiiba?"

"Ni yangu. Mimi ni baharia, naitwa Kenga. Jioni narudi melini, pale Mbaraki."

"Baharia hurudi na vitu akatugawia. Wewe ndiyo kwanza waenda, tayari wagawa! Na saa iliyokuachia alama hiyo mkononi iko wapi?"

"Nimempa jirani."

"Na viatu, mbona uko pekupeku?"

"Nimemwachia ndugu yangu."

Gazeti la Mutanu likashuka lenyewe.

"N'ambie kweli, mwanangu. Wataka kujiua?"

Mutanu aliona haya kwa niaba ya abiria wote. Kenga yeye alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Nimewaza hivyo, mama. Safari yote iliyopita hakuna aliyeniuliza."

"Haya, mimi nimeuliza. Redio naichukua, lakini siijui hata kuiwasha. Utakuja kwangu unifundishe, nami ni mzito wa kuelewa, hasa nikipata mwalimu anayekula vizuri."

"Meli yaondoka leo!"

"Na iondoke. Kwani wewe ndiye injini?"

Feri ikagusa gati. Bi Shukri akajitwika redio kichwani, akapanda mlima wa kivukoni bila kugeuka.

"Mama!" Kenga akaita. "Betri ninazo mimi!"

"Basi zilete!"