Rejeta Haikuoza

Ndugu zangu, habari za mchana. Walionisalimia kwa Bwana asifiwe nimewasikia, na wa asalaam aleikum pia nimewasikia. Humu sote tumeletwa na chupa, basi tuitikiane bila kuchaguana.

Mwenyekiti kaniambia nisizidishe robo saa. Mie mtu wa Newala, robo saa kwangu ni salamu tu, lakini nitajitahidi. Majina sitayataja. Na hiki kichuma nilichoshika msikiogope, ni kipande cha kitanda changu. Nitafika huko.

Enzi za Ujamaa kaka yangu alikuwa na teksi. Tulikaa Temeke, nyumba moja. Alipofariki aliacha mjane, watoto wanne, na ile gari. Ukoo ukakaa ukaamua: mdogo mtu ataendesha, watoto watakula na kusoma. Shemeji akanikabidhi funguo kwa mikono miwili. Nilikuwa nakunywa gongo tayari, ila kwa kujificha, na yeye hakujua. Nilizipokea zile funguo nikajisikia mwanaume kwelikweli.

Nikaendesha mwaka mzima, si haba. Siku moja, mchana kweupe saa tisa, nimemshusha abiria Kimara. Nikapita mahali nikanywa. Kurudi barabarani, sijui niliangalia nini, nikavamia nguzo ya pembeni, upande wa kushoto. Ndani nilikuwa peke yangu, namshukuru Mungu mpaka leo. Rejeta ilipasuka, maji yote chini.

Sasa sikilizeni ujanja wangu. Nilikaa Kimara siku mbili kwa rafiki, nikagonga bati kwa nyundo mpaka likanyooka, nikapaka rangi. Kisha gari ikavutwa hadi nyumbani. Shemeji akatoka na kanga kiunoni.

"Imekuwaje, shemeji?"

"Rejeta imeoza," nikamwambia. "Gari ya zamani hii. Marehemu aliiacha imechoka."

Akaizunguka gari, akarudi ndani ya nyumba.

Spea zilikuwa hazipatikani, wazee wenzangu mnakumbuka. Sabuni tu tulipanga foleni duka la ushirika, sembuse rejeta! Nikahangaika mpaka nikapata moja ya gari ya aina nyingine kabisa, pana kuliko yetu, matundu ya bolti hayaoani hata kidogo. Nikasema potelea mbali, nitatengeneza vishikio mwenyewe. Chuma nitatoa wapi? Nikavunja kitanda changu. Msicheke! Nililala chini miezi, na kila aliyekuja kutazama alisema, jamani huyu shemeji mtu ana moyo. Nami nilizipokea zile sifa.

Nilikata, nikatoboa, nikafunga. Kishikio cha kushoto kilikataa kukaa. Nikakilazimisha kwa spana ndefu, nakaza mpaka meno yananiuma. Rejeta ikasimama wima, safi. Nikawasha, tukapiga makofi. Wiki haikuisha ikaanza kuvuja, kona ya chini kushoto.

Nikaipeleka Tabata kwa fundi wa kulehemu. Rika langu yule, mdomo wake haukuwa na breki. Akalehemu. Zikapita siku kumi, ikakatika palepale. Akalehemu tena. Mie nikirudi nyumbani nalaani gari, nalaani nchi, nalaani kila kitu, halafu naenda kunywa. Shemeji akawa anauza maandazi asubuhi ili watoto waende shule wamekula.

Siku moja akaniita uani. Nikamwamkia, akaitikia, akasema taratibu, "Nimeandika barua Newala kwa baba. Shule zikifunguliwa kabla gari haijatulia, nachukua wanangu tunaondoka. Gari ataichukua atakayeitaka, akate chuma." Mkubwa wa wale watoto alikuwa anaingia darasa la saba. Nilijua wakiondoka hawarudi.

Ikalehemiwa mara ya tatu. Safari hiyo nilipoitoa kwa fundi, shemeji alikuwemo ndani, alitaka kuona mwenyewe. Hatukufika mbali, mvuke huo! Tukairudisha kwa kuisukuma. Fundi akafungua boneti, akainama muda mrefu. Akaniuliza:

"Hii gari iligongwa wapi?"

"Haijagongwa. Ile rejeta ya kwanza ilioza tu."

"We bwana, rejeta iliyooza inavuja popote inapotaka. Hii inakatika kona moja mara tatu. Kuna kitu kinaisokota. Niambie iligongwa wapi ninyooshe. Hutaki, endelea kusema imeoza, na mie nitaendelea kulehemu mpaka Kiyama. Moto ninao."

Shemeji kasimama hapo, hatua mbili tu. Nikisema, nimejivua nguo. Nisiposema, watoto wanakwenda Newala. Nikamtazama fundi, nikashindwa. Nikaitazama ile kona inayodondosha maji.

Nikasema, "Niliigonga Kimara. Kwenye nguzo, upande wa kushoto. Nilikuwa nimelewa."

Fundi akajifanya anatafuta spana. Shemeji hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema hivi, maneno yake nimeyabeba mpaka uzee huu: "Kwa hiyo muda wote huu namnung'unikia marehemu kwamba kaniachia gari mbovu. Nimekwenda mpaka kaburini nikamwambia."

Nililia pale gereji, mtu mzima, mbele ya watu. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Mwonyeshe fundi ilipopigwa."

Fundi akalala chini ya gari, akatukana tusi ambalo hapa silisemi. Shasi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ilikuwa imepinda mkono wa kushoto. Mie nilipima vishikio vyangu kwenye kitu kilichopinda, nikavikaza kwa nguvu, basi gari ikipita shimo rejeta inasokotwa. Siku nzima tuliivuta kwa mnyororo na jeki mpaka ikanyooka. Nikakata vishikio upya, na hiki mnachokiona ni kile cha zamani. Tazameni kilivyokaa upande.

Tulipotaka kufunga, fundi akasema chini ya vishikio pakae mpira, chuma kisikae juu ya chuma. Mpira hatukuwa nao. Shemeji akavua kandambili zake, akaziweka juu ya benchi. Hakuwa na nyingine, na madukani hazikuwepo.

"Kata," akasema.

"Shemeji, utarudije nyumbani?"

"Nitarudi na gari."

Tukakata. Akapanda mbele, miguu mitupu, tukatoka Tabata hadi Temeke bila tone kudondoka. Watoto hawakwenda Newala. Foleni ya kandambili niliipanga mara tatu, nikarudi na jozi ambayo zote mbili zilikuwa za kushoto. Alizivaa hivyohivyo, akicheka.

Sitawadanganya kwamba pombe niliacha siku ile. Nilianguka mara mbili tena. Ila kila nilipoanguka nilikwenda kumwambia shemeji siku hiyohiyo, kabla sijapaka rangi. Ndivyo ilivyokwisha.

Namshukuru yule fundi, Mungu amlaze pema, mdomo wake ndio ulioniponya. Namshukuru shemeji, yuko hai, na ndiye aliyenituma leo nije na hiki chuma. Nanyi nawashukuru kwa kunivumilia, robo saa imepita kitambo.

Mie nami sasa ni fundi wa rejeta. Mteja akinieleza imeoza, simbishii. Namuuliza tu swali lile nililoulizwa. Wewe kijana wa nyuma uliyekuja leo mara ya kwanza, umesema pale mlangoni kwamba una uchovu tu wa kazi. Karibu sana, mwanangu. Ukiwa tayari, leo au siku nyingine, tuambie: iligongwa wapi?