Spika Mbili Zaidi za Theuri

Sisi watu wa Gatitu tumezungukwa na mashamba ya kahawa kila upande na bado wengi wetu hunywa chai. Benchi la Watiri, muuza kahawa pale steji ya boda boda, ndilo pekee ninalolijua ambapo ukiomba chai unaulizwa kama umepotea njia. Gathogo hukaa hapo. Hutengeneza simu na redio, nasi tunamwita Waya. Mzee Wambugu naye aliwahi kuchimba mashimo ya nguzo za stima, na tangu wakati huo hajakubali kushindwa na swali lolote la umeme, kwa hivyo jina lake ni Transfoma. Mimi ni wa kusikiliza na kuchochea. Jumanne moja Theuri, mwendesha boda boda, aliegesha pikipiki yake mbele yetu, akatoa spika mbili mpya kwenye mfuko. Redio ya pikipiki tayari ilikuwa na mbili.

THEURI: Waya, nifungie hizi. Zile ziko hazitoshi. Nikishika lami nasikia upepo tu.

WAYA: Ukiongeza mbili, hiyo redio itabeba mzigo haiwezi. Itachemka, ichome fyuzi.

TRANSFOMA: Fyuzi ni ya waoga. Toa stima kwa taa ya mbele. Mchana mzima hiyo taa inakaa tu bure.

WAYA: Na jioni, mzee?

TRANSFOMA: Jioni aende polepole.

MIMI: Bila taa?

TRANSFOMA: Akiwa na spika nne watu watamsikia mapema. Watahama barabara wenyewe.

Tulicheka sote isipokuwa Theuri. Tulijua anachotaka kusikia, na ilifaa tumwonee huruma kidogo. Mkewe, Wacera, alirudi kwao Kianyaga kabla ya masika, baada ya kukosana na mama mkwe, na Theuri akanyamaza pale alipopaswa kusema neno. Hao wawili walijuana kwenye redio, katika kipindi cha salamu cha jioni. Wacera alikuwa akijiita Malkia wa Majani Chai, na Theuri akawa anamsalimia kila siku mpaka akamwoa. Alipoondoka alimwambia wazi: usinipigie simu, nikiwa tayari kuongea nitakutumia salamu kama zamani. Na jioni ndiyo saa ya boda boda kuchuma, kwa hivyo kipindi humkuta Theuri barabarani.

THEURI: Jana kwa mteremko nilisikia "Theuri wa", halafu lori ikapita. Inaweza kuwa ni yeye.

WAYA: Theuri ni wengi Nyeri hii.

TRANSFOMA: Shida si spika. Shida ni mlima. Kianyaga iko upande ile ingine. Salamu ikitoka huko inagonga mlima, inazunguka na Nanyuki, ikifika hapa imechoka.

WAYA: Mzee, salamu inasomwa Nairobi.

TRANSFOMA: Na huyo msichana anaituma kutoka wapi? Si Kianyaga?

Waya alikuna kichwa. Huyo ni mtu aliyesomea kazi yake, lakini ukikaa na Transfoma muda mrefu unaanza kumwelewa.

WAYA: Basi tuweke antena ndefu kwa kiti ya nyuma. Kama ile mti ya kuangusha avokado.

TRANSFOMA: Na spika uweke ndani ya helmeti.

MIMI: Na abiria?

TRANSFOMA: Abiria pia apewe helmeti iko na spika. Amsaidie kusikiza. Akisikia jina, amgonge mgongo.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Gakii, aliyetoka Meru kumtembelea binti yake aliyepanga chumba Majengo. Alikuwa anangoja Theuri ampeleke. Alikuwa amekunywa kahawa yake akitusikiliza muda wote huo.

GAKII: Hiyo kipindi ni refu?

THEURI: Hapana, mama. Hata kikombe haipoi.

GAKII: Sasa kijana yangu, si usimame tu kando ya barabara, uzime injini, usikize?

Waya akaanza kutafuta kitu mfukoni. Transfoma alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimjue. Mimi nikajaribu kusema kwamba abiria wa jioni hataki kungoja.

GAKII: Hata siku hana abiria?

Theuri alikuwa ameshika spika moja, anaizungusha mikononi.

THEURI: Nikiwa naendesha, mama, nikikosa kusikia jina yangu, nasema ni upepo. Nasema labda ametuma, nimepita.

Akaigeuza spika upande wa pili.

THEURI: Nikizima injini, nitasikia kila kitu, hata kama jina yangu haiko.

Mimi niliona aibu kwa kile kicheko changu, na nikamwonea huruma. Gakii aliweka kikombe chini akamshika Theuri bega, kama mama anavyomshika mtoto mwenye homa. Waya ndiye aliyeinuka, akachukua bisibisi na koleo, akachuchumaa kando ya pikipiki.

WAYA: Leta hizo spika. Nitazifunga. Lakini nakwambia ukweli, Theuri, hata zikiwa nne haziwezi shinda upepo.

THEURI: Ni sawa. Funga tu.