Ombi Limepokelewa

Mimi nashona viatu hapa kona na benchi ni langu, ingawa hakuna anayelikumbuka hilo akishakaa. Leo kahawa ilikuwa bado ya moto na Seremala ameshatoa simu mfukoni mara tano. Binti yake anaomba nafasi chuo cha uuguzi, mwisho wa maombi ni leo saa kumi, na ilikuwa saa tisa kasorobo. Ameomba kwenye tovuti tangu Jumatatu. Ukurasa ulimwandikia "Ombi limepokelewa", lakini ule ujumbe wa simu alioahidiwa haujafika. Basi akatuuliza sisi. Maskini wa Mungu, kutuuliza sisi!

— Hapo kuna mkono wa mtu, alisema Redio, kinyozi wa mlango wa pili, asiyenyoa kidevu bila kutangaza habari.

— Mkono wa nani?

— Jiulize, kwa nini ukurasa haugeuki? Tovuti nyingine ukibofya inaondoka, inarudi. Hii imeganda palepale, inakuchekea. Mimi simwamini anayecheka bila kusogea.

Mwisho wa benchi alikaa kijana tunayemwita Fundi Tovuti, kompyuta mapajani. Ndiye aliyeijenga hiyo ya chuo. Alinuna.

— Shikamoo nimewapa, sasa mnanisimanga. Ni ukurasa mmoja kwa makusudi, mzee wangu. Mbele, mnapoona ninyi, nimeweka JavaScript, inabadilisha vipande palepale. Nyuma, kwenye mashine ya chuo, kuna PHP, ndiyo inayotunza majina. Zinaongea zenyewe.

— Zinaongea nini? Seremala akadakia.

— Mambo yao.

— Sisi hatusikii?

— Ahaa! Redio akajipiga paja. Wawili wanateta, sisi tumefungiwa nje! Hiyo PHP ina ndugu zake. Likifika jina la binti yako, inauliza ukoo kwanza.

— Haina ukoo, wewe kinyozi!

— Basi inaangalia picha. Ambaye hajanyolewa kwangu, nje!

Hata mimi nikaingia. Nikasema labda wa mbele na wa nyuma wamenuniana, salamu hazifiki. Nilitania tu, lakini niliona Fundi ameacha kunywa kahawa.

— Hawawezi kununiana, akasema. PHP nimeiambia, ikiletewa kitu kwa anwani isiyoijua, isigombe. Ijibu "sawa", itoe ukurasa uleule.

— Na wa mbele akiambiwa "sawa"? nikauliza.

— Anaandika "limepokelewa".

Sikuipenda hiyo hata kidogo. Mtu anayeitikia "sawa" kwa kila kitu, hata mkwe simpi.

Hapo alikuwa amefika mama mmoja na kandambili iliyokatika. Alisimama kwa mguu mmoja, ameshika meza yangu, anatusikiliza.

— Samahani, mwanangu, akamwambia Fundi. Huko nyuma mpaka sasa kuna majina mangapi?

— Mama, mimi nimejaribu mbele. Mbele iko vizuri kabisa.

— Nimeuliza nyuma.

Fundi akafungua kompyuta. Nilichungulia begani kwake: jina, simu, cheti, vichwa vya safu vimepangwa vizuri, na chini yake hakuna kitu. Akatafuta, akaona alikosea herufi moja ya anwani anayopelekea wa mbele, basi. Tangu Jumatatu wa mbele anapeleka kusikojulikana, wa nyuma anajibu "sawa", na watu wanashukuru.

— Wangapi? Seremala akauliza.

— Hakuna hata mmoja, mzee. Nisamehe.

Nilidhani atampiga. Badala yake alimshika mkono akamwinua.

— Twende chuoni. Vyeti vya mwanangu ninavyo hapa. Utawaambia mwenyewe ulichofanya.

— Ngoja nirekebishe kwanza.

— Rekebisha unatembea!

Wakaondoka mbio, kompyuta imebebwa wazi kama sinia. Redio akapumua, akasema angalau huyu mmoja atawahi. Mama akavaa kandambili niliyomshonea, akatugeukia.

— Na hao wengine walioomba, ambao majina yao hayakuandikwa popote, mtawapata wapi?